Asiyekuwepo na Lake Lipo

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Mshauri wangu alisomea kinyume cha methali hiyo, na mimi nilimwendea kwa sababu hiyohiyo, maana watu wangu wote walikuwa hawapo. Mume wangu yuko kaburini. Mama mkwe aligoma kuja. Wifi aligoma kwa sababu mama yake amegoma. Na binti yangu Chiriku alikuwa kwao, na kumrudisha ndiyo shida iliyonipeleka kwenye kile chumba.

Nieleze vizuri, kwa sababu watu wakisikia mama amechukuliwa mtoto hukimbilia kuwaza pombe. Mume wangu alipofariki, mimi nililala. Sisemi nilihuzunika, waliohuzunika walikuwa wengi, na wakaosha vyombo, wakaenda kazini. Mimi nililala. Karakana ya makochi ninakofanya kazi walinisubiri, wakachoka, kazi zangu wakampa mwingine. Siku moja watoto walitoka shule, wote wakachukuliwa, wangu akabaki getini na mlinzi mpaka mlinzi akampigia simu bibi yake. Mama mkwe alimpitia palepale getini, akaja kwangu kufuata nguo za mtoto, akanikuta kitandani na viatu miguuni. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Mchuma janga hula na wa kwao. Huyu hatakula." Akaondoka na begi.

Kuamka kulinichukua muda. Nilipoamka nilioga, nikarudi karakana kuomba misamaha, kisha nikaenda kumdai mwanangu. Nilisimama nje ya nyumba ya mama mkwe nikamwita mwizi wa watoto, majirani wakisikia, na mengine ambayo ulimi, kwa kuwa hauna mfupa, uliyatoa bila kuniuliza. Kesho yake mama mkwe alikwenda ustawi wa jamii kunishtaki. Tangu hapo nikawa namwona mwanangu ofisini kwa afisa, kwenye benchi, amepakatwa na wifi. Jina la Chiriku alipewa na baba yake kwa sababu alikuwa hafungi mdomo. Angekusimulia maisha ya sisimizi mmoja kuanzia asubuhi mpaka jioni. Kwenye lile benchi alikuwa anajibu "ndiyo" na "hapana", na kabla ya kujibu anamwangalia wifi.

Afisa hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na msimamo mmoja, na akaushika kama mtu aliyeambiwa hatapewa mwingine. Mtoto atarudi baada ya vikao vya ushauri wa familia. Si ushauri wa mtu mmoja, wa familia. Mama mkwe alipopelekewa habari alisema hawezi kwenda kukaa kwenye kiti akaulizwe maswali na kabinti ambako yeye angeweza kumzaa mama yake. Basi kikao cha familia kikabaki na familia ya mtu mmoja. Na kama hiyo haikutosha, shemeji yangu mkubwa, anayeishi mji wa mbali, aliwaita mama yake na mtoto wahamie kwake shule zikifungwa. Afisa aliniambia kwamba mtoto akishafika kule, jalada lake nalo linahamia kule, na yeye hana tena la kufanya. Maji yalikuwa yamenifika shingoni.

Mshauri ndiye aliyeona njia. Alikuwa mwembamba, mpole, wa kuuliza swali kisha akasubiri mpaka wewe unaona aibu kwa niaba yake. Alinieleza kwamba kwa jinsi alivyofundishwa, hakuna mtu anayeingia chumbani peke yake. Unaingia na ukoo wako mzima, waliokufa na waliogoma, kila mmoja na la kwake. Mshauri anayejua kazi anaweza kukaa na mtu mmoja akafanya kazi na nyumba nzima. Tatizo ni kwamba washauri wengi husema wanafanya hivyo, na hakuna anayejua kama wanafanya kweli. Kwa hiyo kulikuwa na watu wa chuo wanaolipima jambo hilo. Vikao vinarekodiwa, halafu wasikilizaji wawili, kila mmoja kivyake bila kumwuliza mwenzake, wanasikiliza na kutoa alama. Mshauri ameuliza nani anaongea na nani nyumbani, na nani amemnunia nani? Amemwomba mteja ajiweke mahali pa jamaa asiyekuwepo? Au wameongea tu kama watu wawili kwenye foleni ya benki?

Mshauri wangu alikuwa mmoja wa wanaopimwa. Akamwendea afisa kwa miguu yake, akamwuliza: wasikilizaji hawa, wasiomjua huyu mama wala kukujua wewe, wakisema vikao vyetu ni vya familia, utavikubali? Afisa alilitafuna jambo hilo kwa siku kadhaa. Mwishowe akasema wastani wa vikao vyote ukipita nusu ya alama, atavikubali na mtoto atarudi.

Nilitamani kumbusu yule binti. Nikasaini kurekodiwa kabla hajamaliza kueleza.

"Ila dada, jambo moja," alisema akiweka kinasa sauti mezani. "Anayepimwa ni mimi, siyo wewe. Wewe kuwa tu ulivyo."

Hilo nililisikia kwa sikio moja. La pili lilikuwa limeshasikia "alama" na "mtoto", likafunga duka.

Chumba chenyewe kilikuwa kidogo, pazia la kijani, feni inayozunguka kwa kusitasita, boksi la tishu ambalo nililiona la matusi kidogo, kama vile wameshajua. Viti vilikuwa vitatu. Mimi na yeye tulikalia viwili. Cha tatu kiliachwa wazi kwa ajili ya yeyote ambaye hakuja. Mimi ni fundi wa makochi, siwezi kuona kiti nisikibonyeze. Nilikibonyeza. Sponji ilikuwa imekufa zamani. Mgeni yeyote angeketi pale angefika moja kwa moja kwenye mbao. Nilimwambia Mshauri kwamba kama anataka jamaa zangu wakae hapa, awawekee kitu cha maana, hasa mama mkwe, ambaye kiuno chake kina historia. Alicheka. Nikajisemea, vizuri, tumeanza na mama mkwe, alama moja hiyo.

Sasa sikilizeni ujinga wangu, ingawa wakati ule niliuona akili. Tangu nikiwa mdogo mimi ni hodari wa kuiga watu. Shuleni nilimwiga mwalimu mkuu mpaka wenzangu wakasimama kumsalimu. Nikafikiri: hawa wasikilizaji wanataka kusikia familia chumbani? Nitawapa familia. Watapata mpaka majirani.

Mshauri alianza, "Na mama mkwe wako—" na mimi nikamleta palepale. Nilitoa sauti yake ya puani, ile ya kuanza kila jambo na "mimi mtu mzima, nimeona mengi". Nikamleta wifi, ambaye husema "mimi sisemi kitu" halafu hanyamazi mpaka chai ipoe. Nikawagombanisha. Nikamleta shemeji mkubwa kwa simu, na mikwaruzo ya mtandao nikaiweka. Kabla Mshauri hajauliza nani hasemi na nani, nilikuwa nimeshamwambia. Kabla hajauliza wifi angesema nini kuhusu mimi, wifi alikuwa ameshasema, na mama yake ameshamkatiza. Hata marehemu nilimleta. Sauti yake nilikuwa naijua mpaka pumzi, na nilipomfanya aseme, "Mwacheni mke wangu apumzike," Mshauri alishusha kalamu akaangalia chini. Siku hiyo nilitoka nikakaa kwenye ngazi za nje. Lakini nilikaa nikiwa na matumaini. Nilijua hakuna binadamu mwenye masikio anayeweza kusikia yale asiseme ni familia.

Karakana nilifanya mazoezi. Navuta kitambaa kwenye mkono wa kochi, napiga pini, huku nabishana kwa sauti tatu. Mwenzangu, tunayemwita Gundi kwa sababu akianza mazungumzo huwezi kumbandua, aliniangalia kwa wasiwasi akaniuliza kama nimeanza tena kuumwa. Nikamwambia hapana, namrudisha Chiriku. Akasema basi mama mkwe nimkaze kidogo, bado ni mpole mno.

Wiki zilikwenda hivyo, na kila kikao nilikuwa bora kuliko cha nyuma. Mshauri alijaribu kuingiza neno, nami nikamwahi. Nilimwahi kwa mapenzi kabisa. Nilimwona kama mwenzangu tunayebeba naye kochi zito kwenye ngazi. Nilifikiri nikichukua upande mzito namsaidia.

Siku ya majibu alinipokea amesimama. Akaniomba niketi, naye akakaa, akakunja mikono, akaikunjua.

"Wamesema chini ya robo," alisema.

"Robo ya nini?"

"Ya alama. Wasikilizaji wote wawili, karibu sawasawa."

Nilidhani wamekosea kanda. Nikamwambia wamepewa ya mtu mwingine, ya yule mteja anayeingia kabla yangu na kuongea habari za kazi yake tu. Akatikisa kichwa. Akanieleza polepole, kwa sauti ya mtu anayetoa mwiba mguuni mwa mtoto. Wasikilizaji hawapimi kama familia imetajwa. Wanapima kama mshauri ameileta. Kila swali la familia analouliza yeye linahesabiwa. Linaloletwa na mteja bila kuulizwa halihesabiwi, kwa sababu mteja si wa kupimwa. Na katika vikao vyetu vyote yeye hakuwa ameuliza karibu chochote. Msikilizaji mmoja alikuwa ameandika kwamba mteja ana kipaji kikubwa, na kwamba mshauri alikuwa pale kama mtazamaji.

"Mlango ulikuwa wangu kuufungua, dada," alisema. "Kila nikifika naukuta wazi."

"Si ungeniambia ninyamaze."

"Ningekuambia unyamaze vipi, na wewe ndio kwanza ulikuwa umepata sauti?"

Niliinuka, nikaenda dirishani, nikarudi. Nilimkasirikia yeye, nikawakasirikia wale wawili na masikio yao ya chuo, halafu hasira ikarudi nyumbani kwa mwenyewe. Mimi ndiye niliyembana yule binti kwenye kona ya chumba chake mwenyewe. Nilikuwa nimemchezea mwanangu kamari na nikacheza karata za mwenzangu. Nikaanza kulia, na lile boksi la tishu nikalitumia, matusi au siyo matusi.

Kilikuwa kimebaki kikao kimoja cha kurekodiwa kabla ya shule kufungwa. Mfa maji haachi kutapatapa. Tukakubaliana, yeye atauliza, na mimi nitajibu nilichoulizwa tu. Hakuna kuiga. Hakuna sauti za watu.

Siku ile nilikuja nimeng'ata meno kutoka nyumbani. Mshauri aliwasha kinasa sauti akauliza tangu msiba ule, pale nyumbani nani anaongea na nani. Nikajibu. Akauliza nani wa kwanza kujua mtoto akiumwa. Nikajibu, mama mkwe. Akauliza mama mkwe naye akizidiwa anamwambia nani. Nikafungua mdomo, na nikaona kwamba sijui. Nilikuwa nimemwiga yule mama wiki baada ya wiki. Najua anavyokohoa, anavyoweka kikombe mezani. Sijui anamwambia nani.

"Alipofiwa na mwanawe," Mshauri aliuliza, "nani alimshika?"

Mwanawe. Mimi siku zote nilikuwa nasema mume wangu. Nikakumbuka siku ya mazishi, mimi nimeshikwa huku na huku na wanawake wawili, na yeye anazunguka kuuliza kama wageni wamepata maji. Nikasema, "Sikuona mtu."

Mshauri akasubiri, kama kawaida yake. Kisha akauliza lile ambalo mpaka leo silisahau.

"Hujawahi kumleta Chiriku hapa. Umewaleta wote, yeye hujamleta. Usiku akiamka anaogopa, anamwita nani?"

Nilisahau makubaliano yetu. Nilijaribu kumleta. Nilitaka nisikie sauti yake ikiita, nijue inaita nani. Nikakusanya pumzi, nikaitoa, na iliyotoka ilikuwa sauti ya mtoto mdogo, mwenye kitembe, asiyeweza kutamka jina lake sawasawa. Chiriku alikuwa ameacha kitembe zamani. Alikuwa ameng'oka meno mawili ya mbele, nilikuwa nimeyaona mapengo kwenye lile benchi, na jinsi anavyoongea kwa mapengo yale sikuwa najua, kwa sababu "ndiyo" na "hapana" hazitoshi kumjua mtu. Nilijaribu tena. Haikuja. Mimi niliyeweza kumwiga marehemu, nilishindwa kumwiga mtoto wangu aliye hai.

"Sijui," nilisema. "Sijui anamwita nani."

Tulikaa hivyo mpaka muda ukaisha. Feni ilikuwa inasitasita juu yetu. Hakunifariji, na nilimshukuru kwa hilo.

Kikao kile kilipata alama za juu kuliko kikao chochote cha mshauri yeyote katika upimaji wao. Mshauri alinipigia simu mwenyewe kuniambia, na sauti yake haikuwa ya furaha, kwa sababu alikuwa ameshatoka kwa afisa. Wastani ni wastani. Kikao kimoja kizuri juu ya rundo la vibaya kilipandisha alama kidogo tu, na nusu haikufikiwa hata kwa mbali. Afisa alisema anasikitika, na nadhani alisikitika kweli. Alisema kikao kimoja si vikao. Alisema naweza kuanza upya huko huko mtoto anakohamia, kwa afisa wa huko.

Nilikuwa karakana simu ilipokatika. Mbele yangu kulikuwa na kochi la mteja, nimeshalimaliza, limebaki kufungwa nailoni. Nilichukua kisu nikalipasua mgongo kutoka juu mpaka chini. Kisha nikakaa sakafuni katikati ya sponji na nikasema maneno ambayo Gundi, mtu wa maneno yote, hakuwa na la kuyajibu. Nilisema bora ningebaki nimelala. Nilisema waliomfukia mume wangu wangenifukia na mimi tukamaliza. Gundi alininyang'anya kisu kwanza. Halafu akaniuliza wanaondoka lini. Nikamwambia kesho.

"Leo je, wako wapi?" aliuliza.

"Nyumbani kwa mama mkwe."

"Hili kochi nitalishona mimi," alisema. "Nenda."

Nikamwambia sina karatasi, sina ruhusa, nikifika pale anaweza kumwita afisa na hata ile saa ya kwenye benchi nikaikosa maisha. Akasema basi nibaki, niendelee kupasua, yako makochi mawili mengine. Nikainuka.

Njiani sikufanya mazoezi. Kila nilipotaka kupanga maneno, niliyasikia yanajibiwa na mama mkwe wa kwangu, yule niliyemtengeneza kichwani, na nilishachoka naye. Niliyekuwa namwendea sikumjua. Nilikuwa na swali moja tu la kumwuliza, na lilikuwa la kuazima.

Mlango ulikuwa wazi. Ndani mabegi yalikuwa yamepangwa ukutani, makubwa nyuma, madogo mbele, na dogo kabisa lilikuwa lile alilobebea nguo kutoka kwangu. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda anakunja mashuka. Alikuwa amekonda. Aliniona, mikono yake ikasimama.

Nilipiga magoti pale mlangoni, kwa sababu ndani sikukaribishwa na kusimama sikuweza.

"Shikamoo mama."

Alichukua muda. "Marahaba," alisema, na siyo puani. Ilikuwa sauti ya kawaida ya mwanamke mzee aliyechoka. "Umekuja kumchukua kwa nguvu?"

"Hapana mama. Nimekuja kuuliza."

"Uliza."

"Usiku Chiriku akiamka anaogopa, anamwita nani?"

Hilo hakulitarajia. Aliangalia shuka mapajani kwake, akalinyoosha mahali ambapo tayari palikuwa pamenyooka. Nilimsikia anavuta pumzi, na nikajua anataka kudanganya, na nikajua pia kwamba hataweza, kwa sababu tangu nimjue hajawahi.

"Anaita mama," alisema.

"Mama nani?"

"Wewe. Mama yake ni nani mwingine?" Midomo ilianza kumcheza. "Anakuita wewe. Naitika mimi. Kwenye giza sauti za wanawake zinafanana, naitika, analala. Tangu mwaka jana naitika jina lisilo langu. Na mimi ndani ya giza lilelile nina wangu ninayemwita, na yeye haitiki."

Nilitambaa. Sikumbuki kuamua. Nilivuka kizingiti kwa magoti mpaka kwenye kigoda chake nikamshika miguu, nikamwambia pole kwa mwanao, mama. Nilikuwa sijawahi kumwambia. Alikuwa ameambiwa na kila mtu isipokuwa mimi. Hakunigusa, wala hakuiondoa miguu.

"Tiketi zimeshakatwa," alisema juu ya kichwa changu. "Mwanangu mkubwa anatusubiri."

"Najua."

"Na wewe ulilala, binti yangu. Mtoto alikaa getini."

"Nililala, mama."

"Ukilala tena?"

Ningeweza kumwahidi. Nilikuwa na sauti za kutosha za kuahidi, ningeweza hata kumletea mwanawe mwenyewe aniahidie. Nikamwambia, "Sijui. Naogopa hilo kuliko wewe."

Akaanza kulikunja lile shuka. Nikasikia kwa mbali mtu anapakia vitu kwenye gari barabarani, mlango wa gari ukafungwa. Nilikuwa nimemaliza nilichokuwa nacho. Nilijua kwamba akisema sasa nenda, nitainuka niende, na kesho kutakuwa na nyumba tupu hapa.

Ndipo nyuma ya mlango wa chumbani kikasikika kitanda kikilia. Chiriku alikuwa amelazwa mchana, apate nguvu ya safari. Aliota kitu, au alisikia sauti zetu, sijui.

"Mama!"

Ile ndiyo sauti yake. Ilikuwa nzito kuliko nilivyofikiri, na ya upepo kidogo kwa ajili ya mapengo.

"Bee," tuliitika, wote wawili, kwa pamoja.

Chumbani kukawa kimya. Mtoto alikuwa amesikia sauti mbili. Nilimwangalia mama mkwe, naye akaniangalia.

"Mama?" aliita tena, safari hii taratibu, anauliza.

Mama mkwe alijiziba mdomo kwa kiganja, akaniachia mimi niitike.